Infinix mpya, Galaxy A16 au iPhone 11 iliyotumika: fedha ni ile ile, uchukue ipi?

Mwenye TSh 400,000 hadi 700,000, au KSh 20,000 hadi 35,000, akiingia mtaa wa Aggrey pale Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi atawekewa mezani simu za aina tatu. Ya kwanza ni Infinix Hot au Tecno Spark mpya, ya pili Samsung Galaxy A16, nayo mpya, na ya tatu iPhone 11 iliyotumika, ambayo muuzaji ataiita ya Dubai akiwa Dar, au ex-UK akiwa Nairobi. Kila moja ina mashabiki wake, na mashabiki hao hawasikilizani. Wa iPhone humcheka wa Infinix kwa matangazo yanayomrukia kila akifungua simu. Wa Infinix humjibu kwamba yeye angalau hatembei akiomba chaja. Wa Samsung huwasikiliza wote wawili, kisha huwakumbusha kuwa simu yake itasasishwa hadi wao wabadilishe mara mbili.

Wote watatu wana hoja. Shida ni kwamba hubishana juu ya simu ya siku ya kwanza, wakati gharama yenyewe huja mwaka wa pili na wa tatu: betri ikichoka, kioo kikipasuka, programu ya benki ikikataa kufunguka. Huko ndiko tunakozipimia hapa.

Kwanza, suala la ukoo. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006. Anayeapa kwa Infinix na kuibeza Tecno anagombanisha ndugu wa tumbo moja: kituo cha ufundi cha Carlcare hukarabati zote, na vifaa vya Oraimo vinatoka nyumba hiyo hiyo. Hata Apple na Samsung hazichukiani kama mashabiki wao. Zilifikishana mahakamani mwaka 2011, baraza la mahakama la California likaamua mwaka 2012 Samsung ilipe dola bilioni 1.05, na kesi ikaja kumalizwa kwa maelewano mwaka 2018. Mwaka mmoja kabla ya maelewano hayo, iPhone X ilikuwa tayari imetoka na kioo cha OLED kilichotengenezwa na Samsung.

| | Infinix Hot / Tecno Spark mpya | Galaxy A16 mpya | iPhone 11 iliyotumika |
|---|---|---|---|
| Betri ikiwa mpya | Kwa kawaida 5,000 mAh | 5,000 mAh | 3,110 mAh |
| Chaja | Kwa kawaida imo kwenye boksi | Nunua kando, ya 25W | Waya wa Lightning, chaja yoyote nzuri |
| Kioo | Mara nyingi LCD | Super AMOLED, inchi 6.7 | LCD, inchi 6.1 |
| Laini | Mbili, na memori kadi ina nafasi yake | Mbili, au moja na memori kadi | Moja na eSIM (laini isiyo na kadi) |
| Masasisho | Machache | Matoleo 6 ya Android, miaka 6 | Imefika iOS 26 |

Betri ndiyo ngome ya mashabiki wa Infinix na Tecno, na hawadanganyi. Tofauti ya 5,000 na 3,110 huonekana saa kumi jioni, hasa ukizingatia kwamba iPhone ya mwaka 2019 haiji tena na 3,110 zake zote. Ikisoma asilimia 80 ya afya ya betri, umebaki na kama 2,500 hivi. Wakala wa pesa, dereva wa bodaboda anayepokea oda siku nzima, mwenye nyumba ambako umeme hukatika: hawa iPhone 11 bila betri mpya itawaonea.

Kwenye chaja kuna mtego unaowanasa watu wa Samsung. A16 huchaji kwa 25W pale tu chaja inapotumia mfumo wa USB PD wenye PPS. Ukichomeka chaja ya Infinix ya 33W haitaungua, lakini itachaji polepole, maana kila kampuni ina lugha yake ya chaji ya haraka. Chaja za bandia zenye nembo ya Samsung zimejaa sokoni. Dalili ya wazi ni A16 kutoonyesha neno la kuchaji haraka inapochomekwa, au kioo kuanza kujigusa chenyewe simu ikiwa kwenye chaji. Hali hiyo ya pili husababishwa na umeme usio safi unaotoka kwenye chaja, wala si kioo kibovu. Badili chaja kabla hujampa fundi simu.

Kioo kinataka maelezo zaidi, kwa sababu hapa ndipo simu rahisi hugeuka ghali. Kioo cha LCD cha Spark au Hot fundi yeyote anacho au atakipata siku hiyo hiyo, na tofauti kati ya orijino na kopi si kubwa sana. A16 ina AMOLED, aina ya OLED, ambayo kila nukta hujiwakia yenyewe bila taa ya nyuma. Orijino yake, ile inayokuja na fremu, hula sehemu kubwa ya bei ya simu yenyewe, kwa hiyo fundi atakushauri kopi. Kopi ya AMOLED mara nyingi ni LCD iliyokatwa kwa umbo lile lile: nyeusi inakuwa kijivu, kioo kinainuka kidogo kutoka kwenye fremu, na betri inaisha mapema kwa sababu taa ya nyuma inawaka muda wote. Ukinunua A16, tenga fedha ya kava lenye kingo zilizoinuka na protekta siku hiyo hiyo. Hiyo ni sehemu ya bei yake.

iPhone 11 ina bahati moja hapa: kioo chake ni LCD, kwa hiyo kopi nzuri haisikitishi kama kopi ya OLED kwenye iPhone X au 12. Hatari yake iko kwenye waya mwembamba wa spika ya sikioni. Waya huo umebeba taa inayotumiwa na Face ID, ile ya kufungua simu kwa uso, na umefungamanishwa na bodi ya simu hiyo. Fundi anapobadilisha kioo lazima auhamishe ule ule wa zamani. Akiukata, Face ID imekufa, na waya mpya hautairudisha. Kwa hiyo iPhone 11 isiyo na Face ID inakueleza mengi juu ya mikono iliyopita humo.

Masasisho ndiyo hoja nzito ya Samsung, ila mashabiki wake huikuza kupita kiasi. A16 ilipotoka mwishoni mwa 2024 iliahidiwa matoleo sita ya Android na miaka sita ya viraka vya usalama. Kwa simu ya bei hiyo ni ahadi kubwa. Lakini ni ahadi ya A16, si ya kila kitu chenye jina Galaxy A: A05 iliahidiwa matoleo mawili tu. Tena angalia RAM. Kuna A16 za 4GB, na 4GB haitabeba matoleo sita bila kukwama. Ukitaka kuitumia miaka yote hiyo chukua ya 6GB au 8GB, la sivyo umelipia ahadi usiyoweza kuifaidi.

Upande wa Transsion, simu za daraja la Note zimeanza kupata ahadi zinazoeleweka. Infinix Note 40 ya mwaka 2024 iliahidiwa matoleo mawili na miezi 36 ya viraka. Hot na Spark za bei ya chini mara nyingi hubaki na Android zilizokuja nayo, au huongezewa moja. Kwa anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili hilo halimuumi. Kwa anayemnunulia mzazi kijijini simu ya kukaa nayo miaka mitano, linauma.

iPhone 11 ilitoka Septemba 2019 na bado ilipata iOS 26 mwaka 2025. XR haikupata, wala XS. Ndiyo maana XR inauzwa kwa bei inayovutia hivi sasa, na ndiyo maana tunashauri uiache kama unakusudia kukaa nayo. 11 yenyewe sasa ndiyo ya mwisho kwenye foleni. WhatsApp haitaifungia kesho, maana mwezi Mei 2025 ilipopandisha kiwango iliacha simu zilizokuwa chini ya iOS 15.1 tu, yaani iPhone 5s na 6. Lakini usiihesabie miaka sita ya mbele.

Kuna namba moja kwenye boksi la Infinix na Tecno inayohitaji kusomwa kwa makini. Ukiona 16GB RAM, tafuta maandishi madogo ya 8GB+8GB. Nusu ya pili ni hifadhi ya kawaida iliyoazimwa ifanye kazi ya RAM, na hifadhi ni ya polepole kuliko RAM halisi. Haidhuru ikiwa nafasi ipo, ila simu ikijaa picha na video za magrupu ya WhatsApp, nyongeza hiyo hugeuka mzigo na simu huganda. Izime kwenye mipangilio na ufute video kwanza. Samsung nayo ina kitu hicho hicho, kinaitwa RAM Plus, isipokuwa haikiandiki kwa herufi kubwa juu ya boksi. Kwa kasi halisi ya prosesa, chipu ya A13 iliyomo kwenye iPhone 11 bado inazipita simu zote mbili mpya za bei hii, jambo ambalo mashabiki wa Android hawapendi kulisikia. Kisha hifadhi inaitia adabu: iPhone 11 ya 64GB haina pa kuweka memori kadi, na ikijaa hata sasisho halitaingia. Tafuta ya 128GB au usihangaike nayo.

Laini mbili si anasa huku kwetu. Mtu ana M-Pesa upande mmoja na Airtel Money au Mixx by Yas upande mwingine. Infinix na Tecno nyingi huzipokea laini zote mbili na memori kadi pamoja. A16 hukuchagulisha kati ya laini ya pili na kadi, na tundu la earphone za waya haina. iPhone 11 ina tundu moja la laini, ya pili lazima iwe eSIM, kwa hiyo hakikisha mtandao wako unaitoa katika tawi lililo karibu nawe kabla ya kulipa. Kuna njia ya kupita hapo: iPhone 11 zilizotengenezwa kwa soko la China na Hong Kong, ambazo namba yake ya modeli huishia na CH/A au ZA/A, zina nafasi mbili za laini za kawaida. Muuzaji asiyejua hataongeza bei.

Jambo dogo linalokula salio: iPhone ikiwekewa laini hutuma SMS ya kimataifa kimyakimya ili kuwasha iMessage na FaceTime. Usipozitumia, zizime. Ugomvi wa jumbe za bluu na za kijani unaowatenganisha vijana Marekani hapa hauna uwanja, maana mazungumzo yetu yako WhatsApp.

Matangazo. Ni kweli HiOS ya Tecno na XOS ya Infinix, mifumo yao iliyojengwa juu ya Android, huja na programu nyingi zisizoombwa na duka lao la Palm Store linalopiga kelele. Mwaka 2020 iligundulika pia kwamba baadhi ya simu za Tecno W2 ziliuzwa zikiwa na programu hasidi za Triada na xHelper, zilizokuwa zikijiandikisha huduma za kulipia na kula salio. Kampuni ilisema hitilafu ilitoka kwa msambazaji ndani ya mnyororo wake. Kwa simu ya leo, saa ya kwanza ondoa programu zinazoondoleka, zizimie arifa zile zisizoondoleka, zima picha za habari kwenye kioo kilichofungwa, na usasishe vyote. Kazi ya dakika ishirini, na nusu ya malalamiko huisha. Redmi, ambayo wengi huiona njia ya katikati, ina tabia hiyo hiyo ya matangazo, ila hulipa fidia kwa chaji ya haraka na rimoti ya TV iliyomo ndani.

Kamera kwa ufupi: Tecno ilijijengea jina kwa kurekebisha mwanga kwa nyuso nyeusi, na mchana picha zake hupendeza machoni ingawa hulainisha ngozi kupita kiasi. Video ni habari nyingine. A16 hurekodi 1080p kwa picha 30 kwa sekunde, iPhone 11 hurekodi 4K kwa 60 na mkono hautikisiki. Anayetengeneza video za TikTok za biashara yake asibishane hapa.

Sasa kama moyo umeangukia iPhone, haya ufanye dukani kabla fedha haijatoka mfukoni, tena kwa mpangilio huu.

Ingia Settings, General, About. Soma jina la modeli, kwa sababu kuna XR zinazovalishwa ganda la 13 Pro au 14 Pro na kupewa macho matatu ya kamera ya kubandika. Gusa namba ya modeli: ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, F ilikarabatiwa na Apple au mtandao wa simu, N ilitolewa kufidia simu mbovu. F si kasoro, mradi bei ionyeshe hivyo. Shuka hadi Carrier Lock, paandikwe kwamba haina kizuizi cha laini. Kama kuna kizuizi, au umekuta kijikaratasi chembamba kimelala juu ya laini kwenye trei, simu hiyo imefungwa na mtandao wa nje na inafunguliwa kwa chipu ya R-SIM. Siku utakayosasisha, mtandao unaweza kupotea.

Hapo hapo About, iOS mpya huonyesha vipuri vilivyobadilishwa: betri, kioo. Kikiandikwa ni kipuri kisichojulikana, shusha bei. Kisha linganisha na afya ya betri. iPhone 11 yenye umri huu ikisoma asilimia 100, ama betri ni mpya ama namba imepandishwa kwa kifaa cha fundi. Mafundi pia huhamisha kisaketi kidogo cha betri ya zamani kwenye seli mpya ili onyo lisitokee. Asilimia 82 ya kweli ni bora kuliko 100 ya mashaka.

Shika alama ya programu moja uiburute taratibu kioo kizima, kona hadi kona. Ikidondoka mahali, mguso hapo umekufa. Hili si la kudhania: Apple ilikiri kwamba baadhi ya iPhone 11 zilizotengenezwa kati ya Novemba 2019 na Mei 2020 zilikuwa na tatizo la mguso. Weka uso mpya kwenye Face ID. Rekodi sauti, kisha video ya mbele, kisha ya nyuma, maana kila moja hutumia maikrofoni tofauti. Badili kamera kati ya 0.5 na 1. Sahau IP68, yaani kinga ya maji na vumbi, simu ikishafunguliwa gundi ile hairudi ilivyokuwa.

Mwisho, muuzaji afute simu yote mbele yako kutoka General, Transfer or Reset. Subiri ianze upya. Ikidai akaunti ya mwenye zamani, iache hata akisema fundi wake anaitoboa, yaani anaipitisha bila akaunti hiyo. Iliyotobolewa hurudi kujifunga ikifutwa tena, na nyingi hazikubali iCloud. Wala usikubali ufunguliwe akaunti na duka. Anayemiliki barua pepe ya akaunti hiyo ndiye anayeimiliki simu.

Samsung iliyotumika nayo ina kitanzi chake. Kenya na Uganda simu nyingi huuzwa kwa mkopo wa kila siku, wa M-KOPA au wa mitandao, na mkopeshaji hufunga simu kutoka mbali malipo yakisimama. Kuifuta hakuondoi kufuli. Ifute, iunganishe na Wi-Fi, ipite hatua zote za mwanzo, na uone kama jina la mkopeshaji halitokei. Piga *#0*# ujaribu rangi za kioo na vihisi. Kwa simu yoyote ile piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ilingane na boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090 ukiwa Tanzania au 1555 ukiwa Kenya. Jibu litaje modeli uliyoshika mkononi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia Juni 2016, na si rahisi kurudishiwa fedha na muuzaji aliyekwisha hama fremu ya duka.

Kwa hiyo, ukikaa mbali na mji ambako fundi wa karibu ana vioo vya Tecno tu, chukua Spark au Hot yenye 8GB halisi. Ukitaka simu moja hadi 2030 na unaweza kuitunza isidondoke, A16 ya 6GB kwenda juu. Ukiishi kwa video, au unataka simu utakayoiuza tena bila kutupa nusu ya bei, iPhone 11 ya 128GB, na uongeze fedha ya betri mpya tangu mwanzo.

Kuhama na WhatsApp ndiko kunakowatoa watu machozi. Android kwenda Android, tumia uhamishaji wa gumzo kwa QR ndani ya WhatsApp yenyewe, simu zote mbili zikiwa karibu. Android kwenda iPhone, tumia Move to iOS: iPhone iwe mpya au imefutwa, zote ziwe kwenye umeme na Wi-Fi moja, na namba ya simu iwe ile ile. Ukishaiwasha iPhone na kumaliza mipangilio bila kufanya hivyo, itabidi uifute uanze upya. iPhone yenye tundu la Lightning kwenda Samsung, tumia waya wa Lightning kwenda USB-C na programu ya Smart Switch. Simu ya zamani usiifute hadi umefungua gumzo la kale kuliko yote kwenye mpya na kuona picha zake zinafunguka.